Fundi wa Waya Nyeusi

Baba Paroko, wazee wa jumuiya, majirani wa Buza, mafundi wenzetu wa Tandika na Manzese, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kulia na sisi, familia imempa Fransis, mdogo wake marehemu, kazi ya kuandika na kusoma historia hii, naye alikubali kwa sharti moja, kwamba ataisoma kama mambo yalivyokuwa, bila kuyapaka polishi, na yeye mwenyewe atajitaja humu kwa jina kama mtu mwingine yeyote, maana kuna mahali hakufanya vizuri na hataki kujipendelea kwa kuwa karatasi iko mkononi mwake.

Marehemu Wilfred Chilumba alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968, katika kijiji cha jirani na Ndanda, wilaya ya Masasi, mkoa wa Mtwara, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Petro Chilumba, mchonga vinyago, na mama Yasinta. Mzee Petro alikuwa na mazoea yake, kila kinyago alichokimaliza alikikata alama ndogo chini ya kitako, pale ambapo mnunuzi haangalii, mkato mmoja kwa kazi ya kawaida, miwili kwa kazi nzuri, mitatu kwa ile ambayo haiuzwi hata aje nani, na aliwafundisha wanawe kuzisoma alama hizo kwa ukucha wakiwa wamefumba macho, akisema jicho hudanganywa na polishi, kidole hakidanganyiki. Mnaombwa mliweke hilo akilini, tutalirudia.

Marehemu alianza darasa la kwanza Januari 1976 na kumaliza la saba mwaka 1982, hakuchaguliwa kuendelea, na kwa umeme alijisomea mwenyewe, kwa kufungua tochi ya baba, kisha redio ya baba, kisha kupigwa na baba, na chuo cha ufundi hakuwahi kukiona ndani, isipokuwa siku moja alipoitwa kutengeneza gari la mwalimu wa hapo.

Aliingia Dar es Salaam mwezi Machi 1987, akafikia Tandika, akaanza kuosha magari kwenye gereji ya mzee Nassibu, huku akitazama, na kwa balbu moja ya indiketa na vipande viwili vya waya alijitengenezea taa yake ya kupimia, akawa anatafuta wapi umeme umefika na wapi umekata, hata ilipofika mwaka 1990 mzee Nassibu mwenyewe akawa anamwita fundi mbele za watu. Sifa yake haikuwa kurudisha gari lilivyotoka kiwandani, sifa yake ilikuwa kulitia kitu ambacho kiwanda hakikuwaza, feni ya rejeta yenye swichi yake pembeni, taa za ndani zinazofifia polepole kama jioni, betri ya pili ya kupigia muziki, na honi ya lori kwenye gari la mtu mfupi. Alikosea pia, na tusiposema tutakuwa waongo, mwaka 1993 aliunganisha honi na breki za gari la harusi, na bwana harusi akapiga honi kila alipokanyaga, kutoka Tandika hadi kanisani, watu wakidhani ni furaha.

Tarehe 26 Oktoba 1996 alifunga ndoa takatifu na Yuliana, mjane wetu mnayemwona hapa, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Marietha, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1998.

Mwaka 1997 Fransis alikuja mjini akiwa na miaka ishirini, akalala kwenye mkeka sebuleni kwa kaka yake, na kwa muda wa miaka kumi na moja alifundishwa kila kitu bila kufichwa hata kimoja, hilo lisemwe kwa sauti. Lakini mwaka 2008 Fransis alinunua mashine ya kupimia, ile inayochomekwa chini ya usukani ikasoma kasoro za gari yenyewe, akafungua gereji yake Manzese, akaweka na kibao, na wateja wakaanza kuvuka mji kumfuata. Marehemu alifika siku ya ufunguzi, akaitazama mashine kama anavyotazamwa mke wa pili, akasema mbele ya wageni, "Bwana mdogo, na siku hiyo kompyuta yako ikiisha chaji, gari utalipima kwa ulimi?" Watu wakacheka, Fransis hakucheka, na kuanzia siku ile ndugu wawili waliotoka tumbo moja wakawa wanaulizana habari kupitia kwa wateja. Tuuite kwa jina lake, ulikuwa wivu, marehemu alimwonea mdogo wake wivu wa mashine, na mdogo mtu alimwonea marehemu wivu wa mikono, kwa sababu kila alipofunga kazi nzuri mteja alimgonga bega akisema, "Si ajabu, wewe si mdogo wake Wilfred?"

Hapo ndipo marehemu alipoanza waya nyeusi. Fundi yeyote hutumia rangi, nyekundu kwa hii, kijani kwa ile, ili atakayefungua kesho aelewe, lakini yeye kuanzia mwaka ule alifunga kila gari kwa waya nyeusi tupu, ukifungua dashibodi unakutana na kitu kama nywele za mtu mmoja, hujui ushike upi uache upi. Magari matatu kati ya hayo yaliletwa Manzese, Fransis akayashindwa, akayarudisha Tandika mwenyewe akiwa ameinamisha kichwa, na marehemu akampokea mbele ya mafundi wote kwa swali lile lile, "Mashine imesemaje?"

Mwaka 2010 marehemu alinunua Corolla yake nyeupe, hiyo iliyoegeshwa pale uani. Jumapili ya Matawi, tarehe 17 Aprili 2011, Fransis alikuja hapa nyumbani akakuta watu wako kanisani, ufunguo upo juu ya meza, akaona ajionyeshe, akachomeka mashine yake kwenye Corolla, akaipata kasoro ambayo kaka yake alikuwa akiihangaikia tangu Krismasi, akaitengeneza kwa nusu saa, akakaa kusubiri shukrani. Marehemu alirudi na tawi lake mkononi, akawasha gari, akasikia injini imetulia, akazima, akashuka, akasema, "Umeingia chumbani kwangu nami sipo." Hawakusemeshana miezi sita, na ndani ya miezi hiyo marehemu aliifungia Corolla swichi ya siri, ili asitokee mwingine wa kuiwasha duniani isipokuwa yeye.

Ni tangu mwaka ule ule, kama mnavyokumbuka, ndipo mtaa ulipoanza kumsifu kwa jambo lingine. Kila walipotoka, marehemu aliingia garini, akatia ufunguo, akaugeuza hatua moja, kisha akashuka, akazunguka, akamfungulia Yuliana mlango wa kushoto, akaufunga taratibu, akarudi kwenye usukani ndipo akawasha, na hata alipokuwa peke yake aliufungua mlango ule akaweka begi lake la kazi kwenye kiti. Jirani yetu bi Zubeda alimwambia mumewe, bwana Badru, mbele ya watu, "Mwone mwenzio Wilfred, we hata mlango wa bajaji hujanifungulia," naye akajibu, "Mke wangu, bajaji ina mlango?" lakini jibu halikumsaidia, kwa miaka kumi na nne wanaume wa mtaa huu wamesemwa kwa sababu ya mlango ule, na wanawake wamemwonea Yuliana wivu waziwazi.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 2019, na tarehe 3 Machi 2025, saa tisa alasiri, akiwa uani, alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, na ulimi ukafungwa. Majirani walimlaza kiti cha nyuma cha Corolla, bwana Badru akakaa kwenye usukani, akageuza ufunguo, taa za dashibodi zikawaka, stata kimya, akageuza tena, kimya, na mwenye siri alikuwa nyuma pale amewakodolea macho, hawezi kutamka. Ilibidi wamhamishie kwenye bajaji. Alifika hospitali, uhai ukaokolewa, sauti haikurudi.

Akarudishwa nyumbani, na kliniki ikawa mara mbili kwa wiki, akikunjwa ndani ya bajaji kama godoro, na gari lake limesimama mlangoni. Fransis alikuja Jumamosi ya kwanza na mashine yake, ikamwambia gari halina kasoro yoyote. Alichukua koleo, akate waya zote afunge upya, kazi ya siku moja, na marehemu aliyekuwa kitandani dirishani akaanza kupiga chuma cha kitanda kwa kijiko, mpaka Marietha akatoka nje mbio.

"Baba mdogo, baba anasema usikate."

"Anasema? Kwa ulimi upi?"

"Kwa kijiko."

Fransis akaweka koleo, na akarudi Jumamosi kumi mfululizo, na hapa ndipo asipotaka kujipendelea, hakurudi kwa huruma, alirudi kwa sababu alitaka kushinda huku kaka yake akimtazama, na kila alipotoka chini ya dashibodi mikono mitupu aliona mdomo wa marehemu, ule upande mzima, umepanda juu kwa kicheko. Jumamosi ya kumi alipandwa na hasira, akapiga kelele uani kwamba mtu huyu atazikwa na gari lake, na Yuliana akatoka na beseni la nguo mkononi, akamwambia, "Shemeji, nyie mnagombania waya, mie nabeba mtu."

Maneno hayo aliondoka nayo, na wiki nzima hakulala vizuri. Jumamosi ya tarehe 31 Mei alikuja bila mashine, akalala chali chini ya dashibodi, akapitisha mkono juu kule ambako jicho halifiki, na ukucha wa kidole gumba ukakwama kwenye waya. Akadhani pametafunwa na panya. Akausogeza kidogo, ukakwama tena mahali pengine, mkato mmoja, na kwenye waya ya pili mikato miwili, na Fransis akafumba macho akiwa pale chini, akaona kitako cha kinyago. Kwa miaka kumi na saba waya zile zilikuwa zimeandikwa, na katika Dar es Salaam nzima aliyefundishwa kusoma mwandiko ule alikuwa mmoja tu, naye alikuwa akiusoma kwa mashine.

Akaitafuta waya yenye mikato mitatu, akaifuata kwa ukucha chini ya kapeti, ikavuka upande wa pili, ikapanda, ikaishia kwenye kile kitufe kinachowasha taa ya ndani mlango ukifunguliwa, penye fremu ya mlango wa mbele wa kushoto. Akamwita Marietha ageuze ufunguo hatua moja tu, akaufungua mlango ule, kitu kikalia tik chini ya dashibodi, akaufunga, akamwambia, washa. Ikawaka.

Yuliana alisimama pale akitazama mlango. "Kwa hiyo shemeji, miaka yote ile nilikuwa nafunguliwa swichi?"

Fransis akamwambia, "Shemeji, gari lina milango minne, lina boneti, lina na buti, na yeye alikuwa na mahali pote pa kuificha," kisha akamweleza mkato wa tatu maana yake nini, kwamba kwa baba ilikuwa ni kazi isiyouzwa hata aje nani, na Yuliana akacheka mpaka akajifuta kwa kanga. Kama mikato ile marehemu alimwekea mdogo wake, au aliiweka tu ili asijisahau mwenyewe, Fransis hajui, na hatamtilia marehemu maneno mdomoni.

Marehemu aliposikia injini aligeuza uso ukutani, akakataa uji, akakaa hivyo mpaka jioni, wivu haumwachi mtu kwa kuwa anaumwa, ndipo akagonga kijiko, Fransis akaingia, na marehemu akaushika mkono wake, akakitafuta kidole gumba, akaupapasa ukucha wake mara tatu. Jumanne iliyofuata walikwenda kliniki na Corolla, marehemu amelazwa nyuma, na Fransis alipotaka kuharakisha akaufungua mlango na kuufunga kabla Yuliana hajafika, kijiko kiligongwa kwenye kioo mpaka akaufungua tena, shemeji yake akapanda kwa heshima zake.

Wilfred Chilumba alifariki dunia Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, hapa nyumbani Buza, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, ameacha mjane, mtoto mmoja, na mdogo wake mmoja, ambaye anatamka leo mbele ya mafundi wote wa Tandika na Manzese jambo aliloshindwa kulitamka tangu mwaka 2008, kwamba hakumzidi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, bwana Badru kwa kumbeba siku ile na bi Zubeda kwa uji wa miezi mitatu, dereva wa bajaji aliyejifunza kumkunja bila kumuumiza, jumuiya kwa sala, na mafundi waliofunga gereji zao leo ili waje hapa, tukishindwa kumtaja kila mmoja mtuwie radhi. Baada ya misa tutaelekea makaburini, Yuliana atapanda Corolla, Fransis atakuwa kwenye usukani, na kabla hajawasha atashuka, atazunguka, atamfungulia mlango wa kushoto, tunaomba asitokee mtu wa kumsifu, sifa hiyo ina mwenyewe.

Kaka Wilfred, gari limewaka, hakuna waya iliyokatwa, pumzika kwa amani.