Koki ya Kushoto Iachwe Wazi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri, Bwana Meneja, wakulima wa miwa, ndugu zetu wa zamu zote:

KARIBU
Sisi wapishi wa sukari tunakukaribisha jikoni kwetu. Utuwie radhi kwa joto. Tungelizima, lakini ndilo kazi yenyewe.

TULIKOTOKA
Tuko ishirini na sita, na mkubwa wetu ni yule mama mwenye aproni ya kijivu, tunamwita Mama Kioo. Yeye huweka tone la shira kwenye kipande cha kioo, akalivuta kwa kidole gumba, akajua kama chembe zimekomaa. Mwaka juzi ililetwa mashine ya kupima. Ikasema bado. Mama akasema, "Wanangu, shusheni shira sasa, la sivyo itaganda, mtaivunja kwa nyundo." Tukaiamini mashine. Nyundo tulizipiga siku tatu.

TUNACHOJIVUNIA
Tangu hapo tunamsikiliza yeye. Msimu uliopita halikurudishwa gunia hata moja.

KINACHOTUBANA
Bwana Meneja alituagiza tuandike kwamba hatuna changamoto. Tumeandika. Haya yanayofuata ni nyongeza tu.

Agizo jipya linataka juisi yote ya miwa iende kwenye mtambo wa ethanoli, ikachanganywe na petroli. Ethanoli hatuipingi, nani asiyetaka mafuta nafuu? Lakini hadi leo inatokana na molasi, yale masalia meusi tukishatoa sukari. Ikienda juisi yenyewe, magari yatashiba, vikombe vitasubiri meli ya sukari.

Juzi fundi bomba alimtania Mama Kioo: "Mama, wiki ijayo utapika nini?"

"Nitakupika wewe, ingawa huna utamu."

Tukacheka. Kisha mama akaingia stoo, akajifungia humo mpaka honi ya kutoka.

OMBI
Kipengele cha saba cha ratiba kinasema utafungua koki ya kulia, ya ethanoli, kisha utafunga ya kushoto, inayoleta juisi kwetu. Ya kulia fungua, tutapiga makofi. Ya kushoto iache wazi, walau nusu, mpaka wizara ikae na wakulima na sisi. Barua zetu za kuachishwa kazi zimeshachapwa. Tumeziona kwa karani, zina tarehe ya kesho.

Mama Kioo atakuwa amesimama mbele ya koki hiyo. Hatukumtuma, na kumbembeleza tumeshindwa. Hatakugusa, Mheshimiwa. Ila hasogei mpaka umwambie mwenyewe, kwa kinywa chako: "Mama, pisha."

Mungu akujalie afya na maisha marefu, na neno hilo alifanye zito ulimini mwako.

Ni sisi,
Wapishi wa Sukari, zamu zote tatu.