Kwa Wote: Maisha ya Fundi wa Kompyuta za Utafiti

Tumesimama hapa na bado tumepigwa na butwaa. Jumatatu jioni marehemu alikuwa akibishana na wanawe kuhusu nani amemaliza sabuni ya kuogea. Jumanne tukaambiwa hayupo. Mkewe ameomba wasifu huu usomwe kama ulivyo, usipambwe, na mwishoni mtaelewa kwa nini.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1981, mtoto wa tatu kati ya wanne wa fundi cherehani na muuguzi. Utundu wake ulianza mapema. Akiwa darasa la tano alichomoa spika ya redio ya baba, akaivutia waya hadi dirishani, na mtaa mzima ukasikiliza mpira. Mama akamjia juu: "Kwani majirani wamekuomba?" Akajibu, "Mama, redio ni ile ile. Kilichoongezeka ni waya tu." Mama alikuwa ameshanyanyua kandambili, akaishia kucheka.

Alimaliza sekondari mwaka 2000, akasomea kompyuta chuoni, na mwaka 2005 akaajiriwa na taasisi ya utafiti wa hali ya hewa. Huko alikabidhiwa kompyuta kubwa ya Unix, mashine moja inayotumiwa na watafiti wengi kwa pamoja, asakinishe programu za kukokotoa mvua na mafuriko. Kila aliyemletea programu aliulizwa swali lile lile: "Yako peke yako, au ya wote?" Ya mtu mmoja ni kazi nyepesi, unaiweka kwenye folda yake, basi. Ya wote inataka moyo: kila mtu awe na ruhusa ya kuifungua, na toleo jipya lisimvurugie kazi anayetumia la zamani.

Msimu mmoja wa mvua, mtafiti mmoja alijiwekea programu kwenye folda yake. Wenzake wakaizoea, wakaitegemea. Akahamishwa, akaunti yake ikafungwa pamoja na folda yake, kama utaratibu unavyotaka, na utabiri ukakwama wakati mto unajaa. Marehemu aliisakinisha upya siku hiyo hiyo, chakula chake kikapoa mezani. Mtafiti alipopiga simu kujitetea, "Nilikuwa na haraka, kaka," marehemu alimjibu, "Haraka ilikuwa yako, shida ikawa yetu sote. Kitu kinachogusa watu hakifichwi kwenye folda ya mtu mmoja." Wenzake wakaanza kumwita Kwa Wote, na jina likamganda.

Mkewe alimkuta kazini hapo hapo, akiwa mwanafunzi wa hisabati aliyekuja kuomba programu. Alipoulizwa swali lile akajibu bila aibu, "Yangu tu. Wengine watajijua." Marehemu alicheka hadi akaegemea ukuta. Alipokuja kumposa alisema, "Kila kitu naweka kwa wote. Moyo huu naweka kwa mtu mmoja." Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 2009, wakajaliwa binti na wavulana wawili.

Kuhusu ugonjwa, tungependa kusema hakuugua. Ndivyo tulivyodhani. Tarehe 10 Juni 2025 aliondoka nyumbani akipiga mluzi, akafika kazini, akaanzisha usakinishaji wa programu mpya, na akaanguka mlangoni mwa chumba cha mashine. Hospitalini daktari alimwambia mkewe, "Pole sana, mama. Moyo wake ulikuwa unachoka tangu mwaka juzi."

"Daktari, umechanganya watu. Wangu mimi hata mafua hapati."

"Ni yeye. Kila alipokuja nilimwambia aje na wewe. Alikuwa anasema, 'Nitamwambia.'"

Dawa zake zilikutwa kazini, kwenye mfuko wa nyaya. Miaka miwili mke amelala ubavuni mwa ugonjwa asiujue. Mtatusamehe, machozi yetu yana hasira ndani yake.

Wenzake wametuambia kwamba programu aliyoianza ilijimalizia yenyewe wakati yeye anakimbizwa hospitali. Kesho yake kila mtafiti aliifungua bila kikwazo.

Marehemu ameacha mama mzazi, mjane, binti, wana wawili, kaka wawili na dada mmoja, ambaye ndiye anayesoma haya. Daktari ametuambia moyo wa namna hii hutembea katika damu ya ukoo, na ukijulikana mapema unatibika. Watoto watapimwa kesho asubuhi. Sisi ndugu zake tutakuwa nyuma yao kwenye foleni. Mjane ametaka jambo hili litangazwe mbele ya kaburi, na maneno yake ni haya:

"Baba watoto, hili uliliweka kwako peke yako. Mimi nimeliweka kwa wote. Sasa lala, pumzika kwa amani."