Maharage Sita Kwenye Kopo la Mama Watoto

Asalaam aleikum kwa wenye asalaam, Bwana asifiwe kwa wenye Bwana, na ninyi jamaa zangu wa ng'ombe mliosimama kule nyuma na fimbo zenu, sopa. Wazee wote, shikamooni. Mwenyekiti amenipa dakika kumi za kutoa ushuhuda wangu. Mwenyekiti, wewe na mimi tunajuana, umejitakia mwenyewe.

Mama watoto amekaa pale dirishani, yule mwenye kanga ya njano. Ananikata jicho nisitie chumvi. Sitii. Majina pia sitaji, isipokuwa la makosa yangu, na hayo yalikuwa na jina moja tu: mimi.

Mimi ni Mzigua wa Handeni. Wengi mnanijua kwa mitumba. Zamani tulikuwa na duka moja la ushirika, sabuni ikija tunapanga foleni mpaka tunasahau tumefuata nini. Mara tukasikia ruksa. Ruksa kununua, ruksa kuuza. Nikapata robota langu la suruali, nikaanza kuzunguka minada, leo mnada huu, keshokutwa mnada ule, mpaka huku Korogwe. Na ile ruksa mimi niliielewa kwa mapana yake, jamani! Kila mnada una baa, kila baa ina gesti, na kila gesti palikuwa na mtu wa kunipokea mzigo. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa na robota zima la suruali na hata moja haikunisitiri.

Wenzangu wakaanza kukonda. Mmoja tukasema karogwa, wa pili tukasema malaria imempanda kichwani. Tunazika asubuhi, mchana tuko mnadani. Hakuna aliyetaka kulitamka lenyewe.

Basi siku moja wakaja watafiti, wakafunga hema lao mnadani, kando ya wachinja mbuzi. Walitaka watu wa aina yetu: wauza mitumba, madereva wa malori, wahudumu wa baa, mama lishe, na wafugaji wanaokuja kuuza ng'ombe. Dada mmoja mpole akatueleza, "Tunatafiti mambo ya UKIMWI. Jina lako hatuandiki, tunaandika namba. Tutakayoongea ni siri." Halafu akasema kila ukija unapewa mche wa sabuni. Hapo nikasogea mbele.

Kwa kuwa wengi wetu kalamu inatupiga chenga, kila mtu alipewa kopo la plastiki lenye mfuniko mwekundu, namba yako imeandikwa kwenye kitako. Ukikutana na mtu kimwili mkatumia kondomu, unatumbukiza punje ya mahindi. Msipotumia, unatumbukiza harage. Kila baada ya wiki mbili unaleta kopo, wanahesabu, wanamwaga, unaanza upya.

"Na kupima ni hiari yako, baba," akasema yule dada.

"Kopo nitabeba," nikamwambia, "lakini damu sitoi. Sisi tumekua tukiambiwa habari za mumiani wanaonyonya watu damu."

"Mumiani anataka ndoo. Mimi nataka tone moja la kidoleni."

"Ndivyo wanavyoanza," nikasema, nikaondoka na kopo langu na sabuni yangu.

Wiki mbili zikapita, kopo nimelisahau robotani. Asubuhi ya kuhesabiwa nikakumbuka sabuni. Nikaenda kwa muuza mahindi jirani, nikachota kiganja, nikamimina. Yule dada akahesabu, akanitazama, akahesabu tena.

"Baba, arobaini na tatu? Kwa wiki mbili?"

"Ndiyo."

"Na suruali unauza saa ngapi?"

Mnacheka. Cheka tu, mama wa hapo mbele, wewe hukuwepo, mimi jasho lilinitoka. Tangu siku hiyo nikawa natia mahindi kwa adabu, saba, nane. Harage hata moja sikutia. Na kondomu walizonipa zilikaa kwenye mfuko wa koti mpaka koti nikaliuza nazo. Yule mnunuzi alirudi mnada uliofuata kunishukuru.

Sasa niwaambie habari za nyumbani. Mama watoto ni Msambaa wa Mpale. Ameolewa na mimi na makande yake ya mahindi na maharage, na siku za mnada wa kwetu alikuwa anayapika na kuyauza upande wa mama lishe. Siku moja nikarudi nyumbani, nikakuta kopo langu tupu. Nikauliza punje zangu ziko wapi.

"Nilidhani ni za makande, nikazitia chunguni," akasema. "Kula, yasipoe."

Nikala. Nikaongeza. Nikamwambia leo yameiva vizuri.

Siku zile alikuwa ameanza kuniambia tutumie kinga. Alisema kwa upole, "Baba watoto, minada ni mingi." Nikambwatukia. Nikamwambia lile neno ambalo wanaume wote humu mmelisema, msijifanye kushangaa: hakuna anayekula pipi na ganda lake. Akainuka kuosha vyombo. Nikadhani nimeshinda.

Halafu mvua ikakata barabara. Kwa wiki mbili sikwenda mbali, nikawa nashinda nyumbani na kusumbua watu. Mchana mmoja nikafungua sanduku la mama watoto kutafuta uzi wa kushonea robota. Nikakuta miche ya sabuni imepangwa, ileile ya hemani, na mimi ya kwangu nilikuwa nauza. Chini ya sabuni, kopo. Mfuniko mwekundu, namba kwenye kitako. Si yangu.

Nikafungua. Maharage sita. Hakuna punje ya mahindi hata moja.

Loo! Nilisimama katikati ya chumba nikasikia masikio yanapiga. Mke wangu! Mara sita! Nikaanza kuwapitisha majirani kichwani mmoja mmoja. Muuza chumvi nikamtoa, ni mzee. Fundi baiskeli nikamweka pembeni, ana meno mazuri. Mimi, mtu wa gesti zote hizo, nikajiona nimesalitiwa. Nikatoka nje na kopo mkononi. Yeye alikuwa anapepeta mahindi.

"Nani?" nikapiga kelele. "Nitajie! Maharage sita haya ni ya nani?"

Hata kusimama hakusimama. Akaendelea kupepeta.

"Hilo kopo lilimwagwa lini?" akaniuliza.

"Najuaje mimi?"

"Juma lililopita siku ya mnada walihesabu, wakamwaga wakarudisha tupu. Tangu siku hiyo wewe umelala hapa mara ngapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu tena, nikaanzia kidole kingine labda hesabu itabadilika. Haikubadilika.

Sita.

"Hakuna mwingine," akasema. "Wale watu wa hemani wanasema mimi niko hatarini. Nimejiuliza hatari yangu nini, mimi siendi baa, siendi gesti. Hatari yangu ni wewe kurudi nyumbani."

Ndugu zangu, nimeshapigwa na polisi wa mnada, nimeshapigwa na mteja aliyepewa suruali ya mguu mmoja mfupi. Hakuna kipigo kilichofikia kile. Nikakaa chini kwenye pumba.

"Ulijua kopo langu ni la nini?" nikamuuliza.

"Nilijua. Nilipoliona lina mahindi matupu, harage letu hata moja halimo, nikajua mawili: una wanawake, na tena ni mwongo. Ndiyo maana nikayapika. Nikasema acha ale uongo wake mwenyewe."

"Kwa nini hukusema?"

"Walituambia ni siri. Mimi nimetunza yangu. Wewe umetunza nini?"

Alikuwa amepima mwezi uliopita, hana virusi. Lakini maharage yale sita yalikuja baada ya hapo. Kesho yake tukaenda wote hemani. Nilipomwona nesi na kile kisindano nikamwomba amchome mama watoto mara mbili, moja yake moja yangu. Akanishika kidole kabla sijamaliza kusema.

Tukakubali kusikia majibu pamoja. Mimi ninavyo virusi. Yeye hana.

Mliowahi kukikalia kile kiti cha majibu mnanielewa. Nililia kwa ajili yangu na nikashukuru kwa ajili yake, na machozi yalikuwa yaleyale. Kisha nesi akasema, "Mama, kwako bado hatujamaliza. Tumia kinga, urudi baada ya miezi mitatu, ndipo tutakuwa na uhakika."

Miezi mitatu! Mimi kifo changu nilikuwa nimeshaanza kukizoea. Lakini kila alipokohoa, moyo wangu ulikuwa unasimama. Akila kidogo, namuuliza unaumwa? Akilala mapema, namwamsha nimuulize unaumwa? Mwisho akaniambia, "Wewe ndiwe utakayeniua, kwa maswali." Kaka zake wakashuka kutoka Mpale kuja kumchukua. Akawapikia, wakala, akawaambia, "Nitaondoka siku nikitaka mimi, si mkitaka ninyi." Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na kuku.

Miezi mitatu ikaisha. Hana. Nikamkumbatia nesi, akanisukuma.

Baadaye nikaanguka mimi. Kikohozi, kifua kikuu, nikakonda mpaka suruali za robotani zote zikawa kubwa, nikajichagulia za watoto wa shule. Dawa za virusi wakati ule tulikuwa tunazisikia kwenye redio tu. Mama watoto alinipakia kwenye baiskeli, yule fundi mwenye meno mazuri akasukuma, wakanipeleka hospitali. Ndugu fundi, umo humu ndani. Nilikudhania vibaya, nisamehe, leo nimelisema mbele za watu.

Nikatibiwa kifua, nikavutavuta siku, na siku moja tukaitwa: dawa zimefika, na ni za bure. Wakataka mtu wa kunisimamia. Mnajua nani.

Utafiti ulikuwa umekwisha zamani, lakini kopo lake alikuwa nalo. Akaniwekea sheria mpya. Kidonge cha asubuhi, punje ya mahindi. Cha jioni, punje ya mahindi. Nikikosa, harage. Nimewahi kukosa mara moja. Mchana wake nikatengewa chakula kwa heshima zote, maji ya kunawa, mkeka, sahani imefunikwa kawa. Nikafunua. Harage moja, katikati ya sahani. Sijakosa tena.

Namshukuru yule dada wa hemani, aliyejua mahindi yangu ni ya uongo na bado akanipa sabuni ili nirudi. Nawashukuru manesi, fundi, na ninyi mnaonisikiliza. Funzo langu ni dogo. Ukimdanganya mtafiti hupungukiwi kitu, yeye anaandika anaondoka. Unayemdanganya yuko nyumbani, amekuwekea chakula. Kapime, kisha rudi umwambie.

Leo asubuhi, kabla hatujaja hapa, mama watoto amepimwa tena. Nilikaa nje kwenye benchi nikauma kofia. Akatoka, akanitolea kopo kwenye mkoba. Mama watoto, hebu litikise walisikie.

Mmesikia? Hayo ni mahindi matupu, kidonge sijakosa. Yeye hana, na mimi nipo.

Makande yako tayari pale nje, amepika yeye. Kuleni mshibe. Ila mama watoto, tafadhali, mbele ya wageni hawa, leo na mimi nipakulie maharage yaliyozidi moja.