Bi Immaculata na Moshi wa Nyakato

Mwanza nzima hakuna anayebadilisha karatasi ya kunasia moshi haraka kama mimi, Luhende. Kidato cha pili changu hiki hiki, lakini wenye shahada tatu wanakuja kunitazama mikono. Aliyenifundisha ni Bi Immaculata Rutashobya, anayestaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka thelathini na mitatu katika maabara yetu ya hewa.

Alianza kwa kuosha chupa. Ikaja mashine kubwa, ile inayovunja moshi vipande vipande na kupima uzito wa kila kipande mpaka ikajua huu ni wa kuni, huu ni wa plastiki. Wakubwa walisoma kitabu chake cha maelekezo wiki mbili. Yeye aliisikiliza asubuhi moja, akasema pampu inavuja. Ikafunguliwa: inavuja kweli. Nilimtania kwamba kwao Uhayani hata ndizi zina digrii, akanipa sakafu nzima nipige deki.

Ukiingia umejipaka mafuta, unaishia mlangoni. “Wewe mwanangu, unataka mashine iandike kwamba Mwanza inanuka nazi?” Nikamjibu kwamba basi jiji litakuwa limependeza. Nilirudishwa kuoga.

Kazi yake ya mwisho haikuwa na utani. Nyuma ya nyumba za wafanyakazi pale Nyakato kuna tanuru linalochoma taka. Wenye tanuru wanadai kinachokohoza watu ni majiko ya mkaa ya akina mama. Bi Immaculata akasema mashine ndiyo itakayosema. Odeta, mama anayefua nguo za watu, alitupa paa lake tuweke pampu ya kuvutia hewa kwenye karatasi zetu. Miezi mitano alitushikia ngazi huku akikohoa. “Mama, niambie tu. Kama ni mkaa wangu, nitauacha.” Bi Immaculata alimwambia asubiri namba. Machi tulimzika Odeta. Namba zilikuwa bado.

Aprili ripoti ikarudishwa: haina karatasi za kulinganishia, haithibitishi kitu. Bi Immaculata aliandika kwamba uzembe ni wake, akapewa barua ya onyo. Ndiyo maana kwenye hafla hii ya kumuaga baadhi ya wakubwa wamekaa kama wako msibani.

Mama, asante kwa kila ulichotufundisha, na kwa kila ulipotufukuza mlangoni. Nenda Bukoba ukapumue hewa isiyopimwa na mtu. Mungu akupe miaka mingi na kifua chepesi.

Sasa wenzangu, sikieni na hili. Kila wiki Mama alipanda paani kwa Odeta na karatasi moja ya ziada, akaishusha bila kuipitishia moshi, ili tujue uchafu wa karatasi yenyewe na wa mikono yetu, tuutoe kwenye hesabu. Bahasha yake aliiandika neno moja: TUPU. Februari friza ilijaa. Nikasoma TUPU, TUPU, TUPU, nikaona tunagandisha bahasha zisizo na kitu. Nikazizoa zote ishirini, nikapeleka jalalani, nikajisifu kwa mlinzi kwamba bila mimi maabara hii ingezama. Mama aliponiuliza, nilisema sijui. Hakuniuliza tena.

Tanuru linawaka mpaka leo, na lile swali la Odeta halina wa kulijibu. Uzembe haukuwa wa Mama. Ni mimi niliyezitupa.