Mama Spana na Koki Moja ya Nyumba Kumi na Moja

Tunayemzika leo ni Mama Spana, binti wa mchimba visima, mjukuu wa mwanamke aliyejijengea nyumba kwa mikono yake na kumfukuza aliyekuja kuipima. Alikuwa fundi bomba kwa miaka arobaini na moja, mwanzilishi wa nyumba zetu za ushirika, na mdogo wangu wa tumbo moja. Jina hilo mlimpa nyinyi, akalipenda kuliko la kwenye cheti.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, saa nne asubuhi. Nilikuwa na miaka sita, nikatumwa maji. Niliporudi alikuwa ameshafika na anapiga kelele.

Alisoma mpaka darasa la saba, kama mimi. Mwalimu alimshauri ajifunze kushona, naye akajibu kwamba nguo zake hazijachanika. Mwaka 1968 aliajiriwa kufagia karakana ya maji ya mji. Mwaka 1970, fundi mkuu akiwa amesinzia, alifunga bomba lake la kwanza. Halikuvuja.

Tarehe 2 Novemba 1974 aliolewa na seremala, mtu wa maneno machache, na ilibidi awe hivyo. Walijaliwa watoto watatu. Seremala alitangulia mwaka 1999.

Mwaka 1986 familia kumi na moja tulichanga tukanunua ghala bovu, tukaligawa nyumba kumi na moja, tukabakiza jiko moja, ukumbi mmoja na ua mmoja. Tulikuwa na wanaosali na wasiosali, walaji wa nyama na wasioigusa, wapenda redio na wapenda kimya. Karani wetu aliandika maadili ya pamoja thelathini na moja, akayatundika ukumbini. Marehemu aliyasoma yote huku bomba liko begani, kisha akasema, "Bwana karani, umesahau kuandika nani anaosha sufuria."

Mwaka 2006 mlinzi wa zamu ya usiku na mkewe walihamia nyumba namba nne. Mchana alilala. Mikutanoni hakuja, chakula chetu cha pamoja cha Jumamosi hakula nasi. Kamati ikasema huyu hana maadili yetu, aondoke, na ili afanye haraka, marehemu amkatie maji.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi au hutaki?" karani akamuuliza.

"Vyote viwili. Nyumba zote ziko kwenye bomba moja na koki moja ya kufungia. Nikimfungia yeye, na wewe utanawa kwa mate."

Wakaleta fundi wa nje. Akachimba, akatazama, akacheka. "Nani kafunga bomba hovyo hivi?"

"Mimi," marehemu akajibu, "na sikukosea. Nilijua ipo siku watataka kukatiana maji."

Kuweka koki kila nyumba kulitaka kuvunja sakafu zote. Marehemu aliweka kiti katikati ya sakafu yake, akakaa siku mbili. Yule fundi alikusanya vyombo vyake akaenda zake.

Ndipo marehemu akabisha hodi namba nne, saa kumi jioni, mlinzi akiwa ameamka, akamuuliza anaweza kufanya nini kwa ajili ya wote. Tangu siku ile mlinzi akitoka kazini asubuhi hupika chai ya nyumba zote. Katika mengi hakubaliani nasi mpaka leo, na husema. Wapo waliotia sahihi maadili yote thelathini na moja na sufuria hawajaigusa. Wanajijua, nami nawajua.

Januari mwaka huu, 2023, figo zilianza kumsumbua. Daktari alimwambia apunguze maneno. Naye akamwambia apunguze sindano. Alifariki Jumatano tarehe 14 Juni, saa tisa alasiri, nyumbani kwake namba saba. Ameacha watoto watatu, wajukuu wanane, kitukuu mmoja, na mimi dada yake. Apumzike sasa, maana tukiwa naye hatukumpa nafasi.

Namba saba iko wazi. Nasikia kamati imeshaandaa fomu ya maswali arobaini, ipate watu wa kufanana nayo. Marehemu alisikia pia. Jumatatu, siku mbili kabla hajafa, alimwita mlinzi, mimi na karani tukiwa tumekaa pale pale, akamkabidhi kazi ya kuwapokea watakaokuja kuomba ile nyumba.

"Mwanangu," alimwambia, "usiwaulize wanaamini nini, hayo watabishana wenyewe ukumbini. Waulize watashika zamu ya sufuria siku gani. Siku hiyo ikifika, kaa jikoni uone nani kaja."