Rudolph Kettunen, Aliyewalinda Wapenda Uyoga

Marehemu Rudolph Arvid Kettunen, tuliyemzoea kwa jina la Rudy, alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 hapa Ishpeming, Michigan, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Arvid na marehemu Bi Saima. Mimi Lorna, ninayewasomea, ndiye niliyemfuata, na baada yangu hakuzaliwa mwingine. Niseme mapema: miaka miwili sasa jina la kaka yangu linaburutwa matopeni mitandaoni, na sitaki lizikwe hivyo.

Alisoma hapa hapa mjini na kumaliza sekondari mwaka 1976. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho darasani, ila ubishi alijaliwa. Mwalimu wa sayansi aliposema uyoga ni mmea, Rudy alisimama kumpinga, akatolewa nje. Alirudi nyumbani anacheka.

Mwaka 1977 aliajiriwa kuwa fundi wa malori katika mgodi wa chuma, na alidumu huko hadi alipostaafu mwaka 2010. Tarehe 12 Juni 1982, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Marlys Engstrom. Alipokwenda kujitambulisha ukweni hakubeba maua, alibeba kikapu cha uyoga. Mama mkwe akampa mbwa aonje kwanza, kisha wote wakakaa saa mbili wanamtazama mbwa. Mbwa alipona, na posa ikapita.

Mwaka 2011 Rudy alianzisha kikundi cha mtandaoni cha wapenda uyoga wa kaskazini. Watu walituma picha za uyoga waliookota, wakauliza ni wa aina gani. Kwa miaka kumi alikisimamia bila kulipwa hata senti, na wanachama wakafika elfu arobaini. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: ni marufuku kumwambia mtu "huo unalika" kwa kuangalia picha tu. Kwa sheria hiyo alitukanwa kila siku ya Mungu. Asante ya punda ni mateke.

"Wewe mzee, nani kakufanya polisi?" aliandika Garth Dufresne wa Wisconsin, aliyekuwa akiwaambia wanachama wageni waule tu uyoga wao bila wasiwasi.

"Nimejiajiri mwenyewe," Rudy akamjibu, "na mshahara wangu ni matusi yako."

Akamtoa. Garth akarudi kwa majina tisa ya uongo. Wasimamizi wenzake wawili walichoka, wakaacha. Binti yake Kirsten alimsihi, "Baba, achana nao hao!"

"Nikiwaacha watakufa."

"Si wafe basi! Wanakutukana asubuhi na jioni!"

Hakuwaacha. Majira ya joto mwaka 2021, ili kumzuia Garth, alifunga mlango: swali lolote lisionekane na wanachama mpaka msimamizi alisome na kuliruhusu. Na msimamizi alikuwa amebaki peke yake.

Mwezi Agosti mwaka huo daktari alimkuta na saratani ya utumbo. Upasuaji ulipangwa tarehe 14 Septemba. Siku hiyo saa nne asubuhi, Bi Danette Pruitt wa Escanaba alituma picha ya uyoga mweupe aliookota na mumewe, Curtis, akauliza kama wanaweza kuupika. Swali lake halikuonekana na mtu. Walingoja hadi jioni. Kwa kuwa hakuna aliyewakataza, wakaupika, na Danette hakula kwa sababu tumbo lilimsumbua. Curtis alifariki baada ya siku sita, ini limeharibika.

Kikundi kilimgeukia Rudy. Walimwita muuaji. Garth aliandika, "Mlango aliufunga nani?" Rudy alijibu mara moja tu: "Niliufunga mimi. Nisamehe, mama." Kisha akajitoa katika kikundi alichokianzisha.

Mnaofuatia kwenye vijitabu, haya hamtayaona. Nilishindwa kuyapeleka kwa mchapaji.

Rudy hakuuacha mlango bila mtu. Alinipa mimi nywila yake. Alinikalisha jikoni kwake akanionyesha picha: "Ukiona mweupe, una pete shingoni na kifuko chini, dada, usinitafute. Andika neno moja: Msile." Nikamwambia, "Sawa, mimi si mtoto." Tarehe 14 nilikuwa hapa chini, jikoni mwa kanisa, tunaoka mikate ya nyama ya kuuza. Wengi wenu mlikuwepo. Tulicheka sana siku ile. Simu yangu ilikuwa ndani ya koti, na koti lilining'inia mlangoni. Niliitazama saa moja usiku, wakati uyoga umeshaliwa.

Rudy alijua. Nilimwuliza mbona hasemi, akaniambia, "Wewe bado utaishi na hawa watu. Mimi naondoka." Nikanyamaza, maana ilinifaa. Naona haya, na haya yenyewe haitoshi.

Saratani ilirudi majira ya kuchipua mwaka huu. Alifariki nyumbani tarehe 9 Novemba 2023, saa tisa alasiri, Marlys akiwa amemshika mkono.

Bi Pruitt, nimekuona umekaa kiti cha nyuma. Uliniambia pale mlangoni kwamba umekuja kumsamehe, nami nikakushukuru, nikakuonyesha pa kukaa. Mama, huyu hakukukosea. Aliyekukosea ndiye anayekusomea.

Marehemu ameacha mjane, Marlys; binti, Kirsten; wajukuu wawili, Nels na Annika; na dada mmoja, aliyemwacha abebe mzigo usio wake hadi kaburini. Rudy, utue sasa. Mungu akupe raha niliyokunyima.