Bawaba Isiyopiga Kelele

Benchi la kijiwe hiki lilianza maisha yake kama dirisha. Mwenye dirisha alihama kabla halijaisha, na Geti, fundi wa kuchomelea milango na mageti, akaona vyuma visikae bure. Akavitilia miguu minne, akaviegesha nje, kati ya karakana yake na duka la kinyozi. Ukikaa hapo ukanyanyuka, suruali ina mistari ya nondo nyuma, na mtaa mzima unajua ulikuwa wapi. Jioni ile wenyewe walikuwepo wote: Redio, kinyozi, ambaye hazimiki hata akiwa na wembe mkononi, Wakili, aliyeingia mahakamani mara moja tu, tena kama shahidi, na hajatoka huko mpaka leo, na Mama Birika, muuza kahawa. Katikati yao alikaa Geti mwenyewe, na mapajani alikuwa na laptopu mpya, nyembamba na nyepesi mno. Alikuwa ameikamata kwa mikono miwili isije ikapeperuka.

— Kanitumia Nati, — alisema, kwa mara ya nne jioni ile.

Nati ni bintiye. Utotoni alishinda karakanani akiokota nati na kuzipanga kwa ukubwa, jina likamganda. Sasa yuko nchi ya mbali, kwenye kiwanda cha kompyuta, akichora vitu ambavyo baba yake hajawahi kuvielewa hata akielezwa polepole. Hawajaonana uso kwa uso tangu aondoke.

— Saa kumi atapiga, nitamwona humu humu, — alisema Geti. — Anasema ana swali moja tu, na jibu nilitoe mwenyewe.

— Swali moja? — Wakili akakaa vizuri. — Hiyo ni posa, mzee.

— Posa ni habari, siyo swali, — alisema Mama Birika. — Kunywa kahawa yako. Ikoje?

Geti akaonja.

— Haipigi kelele.

Mama Birika akatabasamu. Kinywani mwa Geti hakuna sifa inayozidi hiyo. Ndiyo anayoitoa kwa geti likifunguka vizuri, na akiitoa leo, usiitegemee tena mwezi huu.

Redio alikuwa ameinama, anaikagua laptopu kama kichwa chenye mapunye.

— Mbona ina tundu moja? Chaji hapo, kila kitu hapo! Inakula na kusema kwa tundu moja?

— Kwani wewe unakula kwa wapi? — aliuliza Mama Birika.

Benchi likatetemeka kwa kicheko.

— Na feni haina, — Redio hakukata tamaa. — Nimeweka sikio, kimya kabisa. Inapumua vipi?

— Wamepunguza uzito, — alisema Wakili. — Mwaka huu wametoa feni na matundu. Mwakani wanatoa kioo. Mwaka unaofuata utauziwa begi, uambiwe laptopu imo humo, ila ni nyepesi sana.

Geti hakuwa anawasikiliza. Macho yake yalikuwa pale kifuniko kinapokutana na kibodi. Mtu aliyetengeneza milango maisha yake yote hawezi kuona bawaba akaiacha hivi hivi, mkono utamwasha tu. Akasukuma kifuniko kwa kidole kimoja. Kikapanda, na sehemu ya chini, pamoja na wepesi wake wote, haikunyanyuka hata kidogo. Akakiacha katikati, kikabaki pale pale alipokiacha. Akatega sikio, hakusikia mlio wowote. Moyoni akasema, aliyeichora hii amefundishwa na mtu. Angelisema kwa sauti, lakini Redio hakuacha upenyo.

Basi akafanya anachokifanya kwa kila geti kabla ya kulikabidhi: akausukuma mlango atafute mwisho wake.

Mwisho haukuwepo. Kifuniko kikalala chali, kikapitiliza, kikazunguka mpaka nyuma, mgongo ukabusu mgongo. Picha kwenye kioo ikageuka miguu juu.

— Mungu wangu! — alisema Geti.

— Umeivunja! — Redio akadaka kompyuta, akaigeuza, akabonyeza vitufe. — Vitufe vimekufa! Vyote!

— Irudishe basi, — alisema Mama Birika.

— Mtu asiiguse bawaba! — Geti alikuwa amesimama, jasho linamtoka. — Bawaba ikishapita mwisho, ukiirudisha kwa nguvu inakatika. Nimezika mageti mangapi kwa mambo hayo!

Akatazama saa ya ukutani kwa kinyozi. Bado kidogo kufika saa kumi, na saa ile huchelewa kama mwenyewe. Hofu ikampanda. Miaka yote ile alikuwa akiisikia sauti ya mwanawe bila kuuona uso, na leo uso unakuja, yeye ameuvunjia mlango.

— Tulieni, hii ina sababu yake, — alisema Wakili. — Umeme wa kitu chembamba hautoshi kote. Kioo kikiwaka, vitufe vinalala. Wanapokezana, kama walinzi.

— Wapi! — alisema Redio. — Ni aibu. Umeikunja uchi, imeficha vitufe vyake!

— Mimi naona imekosa hewa, — alisema Mama Birika. — Si mmesema haina feni? Ilazeni kifudifudi ipumue.

Hapo hapo laptopu ikaanza kutoa mlio mdogo, kama maji yanayodondoka kwenye ndoo.

— Inakata roho! — alipiga kelele Redio.

Wakili akaipokea, akaipangusa kioo kwa kiganja kizima, kama anavyopanguswa mgonjwa paji la uso. Mlio ukakoma.

— Nimeituliza, — alisema kwa fahari, akailaza kifudifudi juu ya benchi.

Wote wakaiinamia. Ikawa kimya, na ukimya kijiweni hauna afya, kwa hiyo Redio akautibu.

— Aliyechora bawaba hii alikuwa anaota!

— Hana mapaja huyo, — alisema Mama Birika. — Angekuwa na mapaja, angejua laptopu inakaa wapi.

— Mimi nasema ni popo, — alisema Wakili. — Analala kichwa chini. Kwake yeye sisi ndio tumepinduka. Tumshitaki, alipe akiwa kichwa chini vile vile.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Geti peke yake hakucheka. Hofu ilikuwa imegeuka hasira, na hasira ilitaka mtu.

— Mlango usio na mwisho! — alifoka. — Huyo angekuja kwenye karakana yangu, angefagia vumbi la chuma mwaka mzima kabla sijamruhusu kushika bawaba!

— Nilifagia, baba.

Sauti ilitoka chini ya laptopu. Redio alidondosha kikombe. Wakili akajisogeza pembeni.

— Nilifagia zaidi ya mwaka, — iliendelea sauti ya Nati, ikicheka. — Ukanipa bawaba ya kwanza niipake grisi. Shikamooni wote. Mlipopangusa kioo mlipokea simu, nimewasikia yote. Nani kasema sina mapaja?

Mama Birika akajifunika uso kwa kanga.

— Nati... hii ni yako? — aliuliza Geti.

— Bawaba tu, baba. Vingine vyote wamechora wenzangu, lakini bawaba ni yangu. Inazunguka mpaka nyuma makusudi, mtu akitaka kuishika kama kitabu, na vitufe vinazimwa ili vidole visibonyeze ovyo. Irudishe tu, haitakatika. Halafu nijibu swali langu. Nilitaka nikuulize kabla sijawauliza wengine.

— Swali gani, mama?

— Bawaba ikoje?

Geti aliiinua kwa mikono iliyozoea vyuma vizito. Akaweka kidole kimoja, akasukuma polepole. Kifuniko kikazunguka kurudi, picha ikajigeuza, vitufe vikawaka, na uso wa bintiye ukasimama mbele yake, mpana kuliko alivyoukumbuka, una miwani. Akaondoa kidole. Uso ukabaki pale pale alipouacha.

Akataka kusema mengi. Akataka kusema kwamba yeye ndiye mjinga wa jioni hii. Mwisho kabisa, kwa sauti ambayo Redio aliisikia kwa sababu alikuwa amenyamaza, akasema:

— Haipigi kelele.

Kule mbali Nati akauma mdomo, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena bila kuona tofauti. Redio akaanza kucheka, Wakili akadakia, Mama Birika akawa anajipangusa macho kwa ile ile kanga ya aibu, na benchi zima likawa linatikisika, Geti katikati, mabega yanapanda na kushuka.

Nati akasogeza uso karibu na kioo, akawatazama mmoja mmoja.

— Jamani, kwani mnacheka au mnalia?